Uzi: Mbaazi, maharagwe na saratani. Tuelezane ukweli kuhusu lektini

Maabara_Malindi (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi, na nasikia imeshafika Lamu. Msemaji anajiita daktari lakini hataji jina wala anakofanyia kazi. Anadai mambo mawili. La kwanza, mbaazi, maharagwe na karanga zina sumu iitwayo lektini ambayo "inaamsha saratani". La pili, mgonjwa wa saratani akiacha sukari kabisa, uvimbe utakufa njaa.

Nimeisikiliza mpaka mwisho na imeniuma. Maneno ya sayansi yaliyomo ni ya kweli, ila yamefumwa yakatoa uongo. Kuna mgonjwa ataacha kula kwa sababu yake, na mwingine ataacha kemo, yaani matibabu ya saratani kwa dawa. Mimi ni mtu wa maabara, lektini nazishika kwa mikono yangu kazini, kwa hiyo naomba nizieleze polepole. Mwenye swali aulize.

Kwanza, sukari ninayoizungumzia si ile ya chai. Kila seli ya mwili imefunikwa juu yake na minyororo ya sukari iliyojishika kwenye protini na mafuta ya ukuta wa seli. Minyororo hiyo huitwa glikani. Chukueni kofia mbili za Lamu za kushonwa kwa mkono: kitambaa kile kile, ila anayezijua hutazama mshono akakwambia hii ni ya fundi fulani. Seli nazo hutambulikana kwa mshono wa sukari zao. Protini ambazo kazi yake ni kuusoma mshono huo ndizo lektini. Zimo kwenye mbegu, uyoga, konokono na samaki, na zimo pia ndani ya mwili wako wewe unayesoma hapa.

Mfano ambao kila mtu anaujua ni kundi la damu. Karl Landsteiner aliyagundua makundi haya mjini Vienna mwaka 1901, na miongo kadhaa baadaye ikaonekana kwamba tofauti ya A na B ni sukari moja tu ya mwisho kwenye mnyororo. Mwenye A ana N-asetilgalaktosamini, mwenye B ana galaktosi, na mwenye O hana yoyote kati ya hizo mbili. Sukari moja hiyo inatosha kumuua mtu akitiwa damu isiyolingana na yake. Na ndani ya A wenyewe kuna A1 na A2. Kuwatenganisha, maabara hutumia tone la dawa iliyotolewa kwenye mbegu za Dolichos biflorus, jamii ya kunde inayolimwa sana India. Seli za A1 zinashikamana vidonge pale pale kwenye kigae, za A2 hazishikamani. Hiyo ni lektini, imetoka kwenye mbegu ya jamii moja na mbaazi zetu, na inatumika kuokoa watu.

---

BiMahamri

Waalaikumu salaam mwanangu. Mimi nauza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, na tangu hiyo sauti itoke wateja wananiuliza kama mbaazi zina saratani. Kuna mama ameacha kuwanunulia watoto kabisa. Nijibu vipi? Nami nisidanganye watu.

---

Maabara_Malindi

Shikamoo Bi. Wajibu bila hofu. Mbaazi unazoloweka usiku, ukamwaga yale maji, ukazichemsha mpaka zikalainika ndipo ukatia tui, hazina lektini ya kumdhuru mtu. Lektini ni protini, na moto mkali unaiharibu kama unavyoharibu protini nyingine.

Pale penye ukweli ni hapa. Maharagwe mekundu mabichi yana lektini kali iitwayo fitohemaglutinini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu na kumharisha ndani ya saa chache. Dawa yake ni kuloweka, kumwaga maji, kisha kuchemsha kwa moto wa nguvu, maji yatokote, angalau nusu saa. Hatari iko kwenye moto hafifu, kwa mfano sufuria iliyowekwa juu ya makaa yanayokaribia kuzima isichemke sawasawa. Maharagwe yaliyopata joto nusu yanaweza kuwa makali kuliko mabichi. Ila hayo ni maradhi ya tumbo ya siku moja, hayana uhusiano na saratani.

Lektini ya kuogopwa kweli ni risini, iliyomo kwenye mbegu za mbarika. Peter Hermann Stillmark aliichunguza mwaka 1888 katika mji ambao leo ni Tartu, Estonia, akaona inagandanisha seli za damu. Elimu yote ya lektini imeanzia hapo. Kwa hiyo mwenye mbarika uani awachunge watoto wasitafune mbegu.

Na maharagwe yale yale yamewafaa watu wa saratani kuliko huyo msemaji anavyojua. Mwaka 1960 huko Philadelphia, Peter Nowell aligundua kwamba ile lektini ya maharagwe ikiwekwa kwenye damu, seli nyeupe zilizokuwa zimetulia zinaanza kugawanyika. Kabla yake ilidhaniwa seli hizo zimekwisha safari yake. Kuanzia hapo wanasayansi wakapata njia ya kuzikuza kwenye chupa na kuzichunguza, na mwaka huo huo Nowell na David Hungerford wakaripoti kromosomu isiyo ya kawaida kwenye aina moja ya saratani ya damu. Dawa za leo za saratani hiyo zimejengwa juu ya ugunduzi huo.

---

BiMahamri

Allah akuweke. Nitawasomea wateja hii.

---

Mwalimu_Langoni

Nafundisha baiolojia sekondari, Lamu. Umeeleza vizuri lektini za mbegu, lakini umesema nasi tunazo mwilini. Zinafanya nini? Na saratani inaingilia wapi? Wanafunzi wangu wataniuliza hilo kesho.

---

Maabara_Malindi

Mwalimu, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Lektini za mwili ni jamaa nyingi. Kuna zinazotambua sukari za vijidudu na kuita kinga ije. Kuna selektini, ambazo huzifanya seli nyeupe zipunguze mwendo ndani ya mshipa, zibiringike ukutani, kisha zitoke kwenda penye kidonda. Leo nataka kuzungumzia galektini, zile zinazoshika minyororo yenye galaktosi, na hasa ya kwanza yao, galektini-1.

Yuko mwanasayansi wa Argentina, Gabriel Rabinovich, mzaliwa wa Córdoba aliyesomea huko huko, kisha akajenga maabara yake Buenos Aires. Maisha yake ya kazi ameyatoa kwa protini hii moja. Napenda kumtaja kwa sababu ugunduzi mkubwa huu haukutoka kwenye nchi tulizozoea kuzisikia. Umetoka kwenye nchi ambayo watafiti wake wamepitia miaka ya uhaba wa fedha, wakaendelea.

Kisa chenyewe ni hiki. Seli T ni askari wa kinga wanaoua seli zilizoharibika. Askari akishawashwa kupigana, sukari zilizo juu yake hubadilika. Mwaka 1995 kundi la Linda Baum huko Los Angeles lilionyesha kwamba galektini-1 ikizishika sukari hizo, seli T iliyowashwa inajiua yenyewe. Kwa mwili wenye afya hiyo ni rehema, maana vita vikiisha lazima askari wapungue, la sivyo wataanza kuushambulia mwili wenyewe.

Rabinovich na wenzake wakajiuliza: je, saratani nayo inaitumia silaha hii? Mwaka 2004 walichapisha jibu. Uvimbe wa melanoma, saratani ya ngozi, unatoa galektini-1 kwa wingi kuuzunguka. Seli T zinazokuja kuushambulia zinakufa mlangoni. Kwenye panya, walipoizuia seli ya saratani isitengeneze protini hiyo, seli T zilibaki hai na panya wakaweza kuukataa uvimbe.

Haikuishia hapo. Mwaka 2007 kundi lake lilionyesha jambo linalonigusa zaidi, kwamba si seli T zote zinazokufa. Zile zenye asidi ya sialiki, ambayo ni aina ya sukari, mahali fulani kwenye mnyororo zimezibwa, galektini haipati pa kushika, nazo zinapona. Maana yake galektini-1 haiui ovyo, inachagua nani abaki kwa kusoma sukari zake.

Kisha mwaka 2014 wakafafanua kitendawili cha hospitalini. Kuna dawa zinazozuia uvimbe usijiotee mishipa mipya ya damu, lakini kwa wagonjwa wengine hazifanyi kazi au zinaacha kufanya kazi. Kwenye panya walikuta galektini-1 inapita mlango wa pili: inashika sukari za kipokezi (protini ya seli inayopokea ishara) kile kile ambacho dawa inajaribu kukinyima ishara, na mishipa inaendelea kuota. Wakiizuia galektini, uvimbe unaanza kusikia dawa, na seli za kinga zinapata njia ya kuingia.

---

Ummu_Shela

Kaka samahani, nauliza kama mama. Kwa nini mwili ukatengeneza kitu cha kuua askari wake wenyewe? Umesema vita vikiisha, lakini naona kama kuna zaidi.

---

Maabara_Malindi

Dadangu, kuna zaidi, na umeuliza pazuri.

Mtoto aliye tumboni nusu yake ni baba. Kwa sheria za kinga, yeye ni mgeni, na mgeni hushambuliwa. Lakini mama humbeba miezi tisa bila kumkataa. Mwaka 2007 wanasayansi wa Berlin wakishirikiana na Rabinovich walionyesha kwamba galektini-1 ina sehemu kubwa katika hilo. Panya wasio na protini hiyo walipoteza mimba zaidi pale baba alipokuwa wa ukoo tofauti na wao. Na panya wenye mimba waliotiwa msongo mpaka galektini-1 yao ikashuka walipoongezewa protini hiyo, mimba zilisalimika.

Kwa hiyo saratani haikubuni hila mpya. Imeiba amani ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka kati ya mama na mwanawe. Ndiyo maana kuizima si kazi nyepesi. Ukiizima kila mahali, unaweza kuwasha maradhi ya kinga kujishambulia, na kwa mwenye mimba ni hatari iliyo wazi.

---

Kaka_Sabaki

Nimefuata uzi kwa makini, lakini niwe mkweli. 2004 mpaka leo ni miaka mingi. Dawa iko wapi? Sisi tuna mgonjwa nyumbani, panya wa Argentina hawatusaidii.

---

Maabara_Malindi

Pole sana ndugu yangu, Mungu ampe mgonjwa wenu nafuu. Una haki ya kuuliza hivyo.

Dawa ya kuizuia galektini-1 kwa mgonjwa wa saratani haijafika madukani. Lakini njia hii ya sukari tayari imeshatoa matunda mengine. Tangu 2015 Marekani imeidhinisha dinutuksimabu, kingamwili inayoshika sukari iitwayo GD2 iliyo juu ya seli za nuroblastoma, saratani inayowapata watoto wadogo. Dawa hiyo inailenga sukari moja kwa moja, na kuna watoto walio hai kwa sababu yake.

Kisha yuko Carolyn Bertozzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2022 pamoja na Morten Meldal na Barry Sharpless kwa njia za kuunganisha molekuli, zile ambazo yeye alizifikisha mpaka ndani ya seli hai ili kuzifuatilia glikani. Yeye anashughulikia asidi ya sialiki. Seli nyingi za saratani hujifunika sukari hiyo kwa wingi. Askari wetu wa kinga wana lektini ziitwazo sigleki, zikiigusa asidi ya sialiki zinasema "huyu ni wetu, mwacheni". Saratani inapita hapo. Mwaka 2016 Bertozzi na wenzake walichukua trastuzumabu, dawa ya saratani ya matiti inayotumika mpaka hapa kwetu, wakaifunga na kimeng'enya kinachokata asidi ya sialiki. Dawa inampeleka mkataji mpaka kwenye seli ya saratani, sukari inanyolewa, na kinga inaiona. Hiyo ilikuwa maabarani, na kutoka maabarani hadi kitandani kwa mgonjwa ni safari ndefu. Lakini ile tiba ya kufungua breki za kinga iliyowapa James Allison na Tasuku Honjo Nobel mwaka 2018 nayo ilianza kwa panya katika miaka ya 1990, na leo wagonjwa wanaipata.

Kwa mgonjwa wenu sasa hivi, asiache kemo aliyopangiwa na asiache kula. Kweli seli ya saratani inakula glukosi sana, Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920. Lakini moyo na ubongo navyo vinaitaka, na mtu akikosa kabisa, ini linatengeneza glukosi lenyewe. Uvimbe haufi njaa. Anayekonda ni mgonjwa, na mgonjwa aliyekonda sana hushindwa kustahimili dawa. Mpeni uji, samaki, mayai, na hizo mbaazi. Akiwa na ugonjwa wa kisukari pia, hapo mfuate masharti ya daktari wake.

---

Kaka_Sabaki

Nimekuelewa. Alikuwa ameanza kukataa hata uji kwa sababu ya hiyo sauti. Nitamsomea jioni.

---

Baharia_Faza

Huku kwetu watu wanasema majani ya mstafeli yanashinda kemo. Na mwingine akaleta kwamba fenesi nalo lina lektini ya kuua saratani. Unasemaje?

---

Maabara_Malindi

Ami, niyatenganishe mawili hayo.

Fenesi lina lektini kweli, iko kwenye mbegu zake, inaitwa jakalini. Inashika sukari fulani fupi ambayo kwenye seli nzima huwa imefichwa ndani ya mnyororo mrefu, na kwenye seli nyingi za saratani huwa imebaki wazi. Lektini ya karanga nayo inaishika sukari hiyo. Kwa hiyo maabara huzitumia kuzitafuta na kuzichunguza seli za namna hiyo. Adesi, wengine huziita kamande, lektini yake inatumika kwenye kipimo cha saratani ya ini, kupambanua ile protini ya damu inayotoka kwenye uvimbe na inayotoka kwenye ini lililochoka tu. Haya yote ni matumizi ya maabarani. Mtu akila fenesi anapata tunda tamu, hapati tiba, maana tumbo halipeleki lektini hiyo kwenye uvimbe.

Mstafeli ni jambo jingine, na hapa sitazunguka. Majani yake yana kemikali zinazoua seli kwenye bakuli la maabara. Vitu vingi huua seli kwenye bakuli, hata chumvi. Hakuna utafiti kwa wagonjwa ulioonyesha kwamba unaponya saratani. Na katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu wameutumia sana kwa chakula na chai, madaktari waliuhusisha na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na ule wa kutetemeka uitwao Parkinson, tangu mwaka 1999. Kula tunda lake mara moja moja si kosa. Kuchemsha majani kila siku ukaacha kwenda kliniki, hilo nalikataa waziwazi. Mtu wa Faza anapanda boti, kisha anafuata barabara ndefu mpaka Mombasa kutafuta matibabu. Akichelewa kwa ajili ya majani, anafika ugonjwa umeshasambaa.

---

Mwalimu_Langoni

Naongeza moja kwa faida ya vijana wanaosoma. Nimewahi kusikia kwamba mwenye damu ya O hapati malaria kali. Ni sukari hizo hizo?

---

Maabara_Malindi

Ndizo hizo mwalimu. Mwenye O anaambukizwa malaria kama wengine, ila hatari ya ile kali inapungua. Seli iliyoingiwa na kimelea hutoa protini zinazoshika sukari za A na B kwenye seli jirani, zikakusanyika na kuziba mishipa midogo. Kwa mwenye O hakuna pa kushika vizuri. Wanafunzi wako wajue pia kwamba jirani zetu hapa Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza 1989, na sehemu kubwa ya unayoyajua ulimwengu kuhusu malaria ya watoto na selimundu imetoka kwa watoto na wazazi wa pwani hii. Anayetaka kusomea sayansi ya kinga asidhani ni lazima azaliwe Ulaya.

---

Ummu_Shela

Swali la mwisho kaka, ni la nyumbani. Mamangu mdogo anaumwa tumbo kwa muda. Duka moja la vipimo limemwambia alipe apimwe "alama ya saratani" ya damu, CA 19-9. Ni ghali. Inafaa?

---

Maabara_Malindi

CA 19-9 nayo ni sukari, mnyororo mfupi unaotolewa kwa wingi na saratani za kongosho na nyongo. Inafaa kumfuatilia mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshathibitishwa, kuona kama dawa inafanya kazi. Haifai kumtafutia mtu ugonjwa. Inapanda hata kwa vijiwe vya nyongo. Na kuna watu waliozaliwa bila kimeng'enya cha kutengeneza sukari hiyo, na sisi Waafrika tuna wengi wa namna hiyo kuliko Wazungu. Huyo anaweza kuwa na saratani kubwa na kipimo kikasoma sifuri. Pesa hizo aziweke kwa ultrasound ya tumbo na kuonwa na daktari.

Ana dalili nyingine? Amekonda? Macho yake yakoje?

---

Ummu_Shela

Amekonda. Na macho yameanza kuwa manjano tangu juzi, tukasema ni homa.

---

Maabara_Malindi

Basi asikae tena nyumbani dadangu. Macho ya manjano na kukonda pamoja na maumivu ya tumbo ni njia ya nyongo imeziba mpaka ithibitishwe vinginevyo, na huenda ni kijiwe tu kinachoweza kutolewa. Vukeni Mokowe, upande wa bara, kwa boti ya kwanza kesho kama Lamu hakuna mtu wa kupiga ultrasound siku hiyo. Akipata homa kali au kutetemeka usiku huu, mpelekeni hospitali usiku huu huu. Kisha niandikie kwa ujumbe wa faragha, nikueleze ni vipimo gani vya damu uwaombe wavifanye siku hiyo hiyo.